Mashine ya Boti Nyuma ya Karai

9 Machi

Karai limeletwa leo. Jina lake halisi limeandikwa ubavuni kwa herufi zilizochubuka, lakini mume wangu aliliita Karai siku ya kwanza aliyokabidhiwa kuliendesha, na jina limeshika. Ni gari la kituo cha afya, bodi la plastiki ngumu ya kijani, matairi manane manene, halina milango wala paa. Limekaa kama karai la kufulia lililoota miguu. Nchi kavu linapanda popote. Majini linaelea, matairi yanazunguka na kupiga maji, nalo linasogea polepole kuliko mtu anayetembea. Kiangazi hilo linatosha. Masika mto unapojaa, Karai linapiga maji huku linachukuliwa kando. Mwaka jana lilitua kilomita mbili chini ya pale lilipokusudia, mume wangu ndani, ameshika fimbo mbili za kuongozea kama mtu aliyeshika pembe za ng'ombe wa jirani.

Tangu daraja libebwe na maji hakuna njia nyingine. Muuguzi alikwama huku wiki tano. Ng'ambo kuna wagonjwa wa sukari, wa presha, wa kifafa. Mmoja wa sukari hakumsubiri.

Kwa hiyo kituo kimepata mashine ya boti, ile ya kuning'inia nyuma yenye pangaboi chini, na kazi ya kuifunga imeletwa kwetu. Kwetu ni karakana tuliyoachiwa na baba, kaka yangu na mimi. Kaka ndiye fundi mkubwa. Mimi, mwenye miaka arobaini na minne na mgongo wa miaka sitini, ni fundi mdogo.

Nimeanza daftari hili kwa sababu nimechoka kuongea na grenda ya kukatia vyuma.

10 Machi

Manyunyu. Tumeosha Karai. Limetoa tope la kutosha kujenga banda.

12 Machi

Kabla ya kufunga mashine inabidi kutengeneza breketi, yaani chuma cha kuibeba, na kutoboa matundu ya bolti kwenye bodi. Hapo ndipo penye kazi. Matundu yakiwa juu mno, pangaboi litakula hewa. Yakiwa chini mno, yatakaa ndani ya maji siku zote, na plastiki iliyotobolewa chini ya maji ni ndoo iliyotoboka.

Baba alituachia karakana na sheria moja: mkubwa hupima, mdogo hukata. Akishapima mkubwa, hakuna kupima mara ya pili. Alisema mafundi wawili wakiweka chaki mbili, chuma kitakatwa mara tatu. Nimekata pale Kaka alipoweka chaki kwa miaka ishirini na mmoja na sikumbuki tumewahi kutupa kipande cha maana.

Lakini hilo lilikuwa zamani. Acha niliandike, kwa kuwa kulisema siwezi. Kaka haoni vizuri. Si leo wala jana. Anagonga vitu vilivyo ubavuni mwake halafu anauliza nani kaviweka. Anapotafuta ukingo wa meza anatanguliza vidole. Spana ikiwa mbali kidogo, mimi huisogeza taratibu hadi karibu na mkono wake, naye huichukua, nami hujifanya hamnazo. Tunaendelea hivyo, watu wazima wawili.

Safari hii atakayekaa ndani ya tulichokipima ni mume wangu.

13 Machi

Mgongo.

15 Machi

Kaka ameweka chaki. Alichuchumaa nyuma ya Karai muda mrefu, akapapasa bodi, akaweka alama nne. Nilipoinama na drili niliona. Mto huacha ukanda wa kahawia kwenye bodi, alama ya maji yanapofikia Karai likielea. Mtu yeyote anauona. Chaki za Kaka zilikuwa vidole vitatu chini ya ukanda. Zilipaswa kuwa vidole vinne juu.

Nilisimama na drili mkononi. Kaka akauliza, "Umeishiwa umeme?"

"Hapana, Kaka. Natafuta ncha nzuri."

"Ncha nzuri ni ile inayotoboa."

Nilitoboa. Matundu manne, safi, ya duara kabisa. Kazi nzuri ya mikono mahali pasipostahili. Halafu nikapaka gundi ya kuzuia maji mara mbili, nikaweka mipira mizito chini ya washa, zile pete bapa za chuma, nikakaza nati hadi spana ikagoma kusogea. Nilijiambia, yakizibwa vizuri hayana neno. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila hawakusema lolote kuhusu anayetoboa ufa mwenyewe halafu akauziba.

18 Machi

Mvua kutwa. Kaka kachomelea breketi. Mstari wa weldi umenyooka kama wa zamani, kwa kuwa mkono wake unajua njia. Nilimtazama nikaona haya kwa mawazo yangu. Labda mimi ndiye nisiyeona vizuri.

24 Machi

Tumejaribu kwenye bwawa lililo nyuma ya kituo. Mume wangu mbele kwenye fimbo zake, mimi nyuma nimeshika mkono wa mashine. Iliwaka kwa mvuto wa tatu wa kamba. Karai likainua pua kidogo, likakimbia. Kweli lilikimbia! Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

"Shemeji!" akamwita Kaka aliyekuwa kasimama ukingoni. "Umelifundisha karai kuruka!"

"Wewe ndiye wa kufundishwa," Kaka akajibu. "Karai lilikuwa linajua zamani."

Muuguzi alipiga makofi. Alisema sasa hatakosa hata Alhamisi moja. Tulizunguka dakika tano tu, bila mzigo, kwenye maji yaliyotulia. Nilipapasa sakafu kwa siri. Pakavu. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Karai lije.

25 Machi

Mvua.

26 Machi

Mvua. Mto umepanda hadi kwenye mawe makubwa.

29 Machi

Mvua. Paa la karakana limevuja juu ya mashine ya kuchongea. Nimeifunika kwa shuka langu. Kaka aligonga goti kwenye kiti ambacho kimekaa pale pale tangu baba akiwa hai, akanigombeza kwa kukihamisha. Nikamwomba radhi.

3 Aprili

Hii itakuwa ndefu.

Ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya kuvuka. Mume wangu mbele, Muuguzi katikati na masanduku mawili ya dawa, na mlinzi wa kituo nyuma kwenye mkono wa mashine, maana aliwahi kufanya kazi kwenye boti. Mimi na Kaka tuliachwa ukingoni. Mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, na magogo yakipita.

Waliondoka vizuri. Mashine ilinguruma, Karai likakata mkondo kama tulivyotaka, halikuchukuliwa hata hatua kumi. Kaka alinyoosha shingo akisikiliza. "Inapumua vizuri," akasema. Walifika katikati.

Hapo nikaona nyuma ya Karai inashuka. Kidogo tu. Halafu nikaona Muuguzi anainua masanduku na kuyaweka mapajani. Halafu nikamwona anainama na kuteka maji kwa mfuniko wa sanduku, anamwaga nje, anateka tena, haraka haraka. Nilijua papo hapo. Bwawani mashine haikusukuma kwa nguvu. Mtoni ilisukuma, breketi ikatikisika, mipira yangu ikalegea, na matundu manne yaliyo chini ya maji yakafunguka yote.

"Kuna nini?" Kaka akauliza. "Mbona umenyamaza?"

Mume wangu aligeuza. Hilo ndilo lililowaokoa, hakung'ang'ania kufika. Mkondo uliwabeba huku wakirudi, nami nikakimbia ukingoni kwenye tope, nikianguka, nikiita jina lake ambalo tangu tuoane silitaji mbele za watu. Walitua mbali, kwenye matete. Maji yalikuwa yamefika kwenye viti. Sanduku moja la dawa lilikuwa limelowa lote.

Mume wangu alishuka, akakaa chini kwenye tope, akavua viatu na kuvimimina kimoja baada ya kingine. Muuguzi alikuwa anakagua dawa moja moja.

Kaka alifika baadaye akifuata sauti zetu. Alipapasa nyuma ya Karai, akakuta nati zimelegea. Akaniuliza mbele ya wote, "Ulikaza sawasawa?"

Nikasema, "Labda sikukaza."

4 Aprili

Mume wangu aliamka kabla yangu, akanisubiri mezani.

"Fundi," akasema. Ananiita hivyo akiwa hatanii. "Nati ulizokaza wewe nimewahi kuzifungua kwa spana iliyorefushwa kwa bomba la mita nzima na bado zikanishinda. Nani alipima?"

"Kaka."

"Na wewe uliona mapema kuwa ni chini ya maji?"

Nilikunja kitambaa cha meza. Nikakikunjua.

"Mimi sijui kuogelea," akasema. "Unajua hilo?"

"Najua."

"Basi Alhamisi ijayo nitavuka na heshima yenu mfukoni. Sijui kama inaelea."

Hakupandisha sauti. Ningeshukuru kama angepiga kelele, maana ya kelele hujibiwa kwa kelele. Nimeosha vyombo vilivyokuwa visafi.

5 Aprili

Mvua. Sina la kuandika. Ninalo, lakini nimechoka.

7 Aprili

Muuguzi alipita kutuuliza lini Karai litakuwa tayari. Hakulaumu. Alisema ng'ambo wana dawa za kuwatosha hadi tarehe ishirini, baada ya hapo ni Mungu. Alipotoka, Kaka alisema, "Kesho kutwa tunaweka matundu mapya." Nilimtazama. Jicho la kushoto lilikuwa linatazama mlango ambao Muuguzi hakutokea.

9 Aprili

Nimeyaziba matundu ya zamani kwa plastiki ya moto, yamekuwa magumu kuliko bodi lenyewe. Halafu Kaka akachukua chaki, akachuchumaa, akapapasa, akaweka alama.

Chini ya ukanda tena. Karibu pale pale.

Nilikuwa nimeshika drili. Niliwaza kuhusu baba, niliwaza kuhusu viatu vilivyomiminwa kwenye tope. Nikapiga moyo konde.

"Kaka, hapo ni chini ya maji."

"Nimepima."

"Umepima, lakini ni chini."

Alisimama. "Tangu lini mdogo anapima mara ya pili?"

"Sijapima. Nimeona tu. Alama ya maji iko wapi, Kaka? Niwekee kidole."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta muda. Akainama, akaweka kidole kwenye mkwaruzo wa matairi, shubiri nzima chini ya ukanda. Akakiacha pale, akisubiri niseme ndiyo. Sijawahi kuona kidole kilichonitia huruma namna ile.

"Siyo hapo," nikasema. "Kaka, huoni."

Ndivyo nilivyosema. Maneno mawili. Nilidhani paa litashuka.

Alitaka kuweka chaki mezani, akakosa ukingo, ikaanguka na kuvunjika. Alivua aproni, akaitundika msumarini, akatoka kwenye mvua bila kofia. Mlangoni alisimama. "Baba angekusikia," akasema, halafu akaenda.

10 Aprili

Kaka hakuja.

11 Aprili

Hakuja. Nilipeleka chakula kwake, wifi akakipokea mlangoni. "Amelala," akasema, huku redio inaongea chumbani kwake kwa sauti kubwa.

12 Aprili

Nimepima mwenyewe. Nilipima mara nne, kama mwizi, nikitazama mlango. Nimetoboa vidole vinne juu ya ukanda. Kwa kuwa matundu yamepanda, breketi imebidi kurefushwa ili mashine ishuke inavyotakiwa. Nimehamisha betri na tangi la mafuta mbele ili nyuma ipate nafuu. Kazi ya siku mbili nimeifanya peke yangu kwa siku moja na mgongo umenifungulia kesi.

Nilifikiri nitajisikia mshindi. Wapi. Karakana isiyo na mtu wa kukugombeza ni kubwa mno.

14 Aprili

Kaka amekuja. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya Karai, akapiga magoti, akaanza kupapasa kila kitu kwa vidole: matundu, washa, pembe za breketi. Mimi nilishika ufagio nikafagia mahali palipofagiliwa.

"Hapa," akasema hatimaye. "Lete mkono wako."

Akaweka kidole changu chini ya breketi, kwenye kona ambayo jicho halifiki. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele kwenye weldi yangu. Ningeapa kwamba hakuna.

"Hii ingekatika katikati ya mto," akasema. "Kata. Choma upya. Ingiza moto taratibu, usikimbie kama unafukuzwa."

"Sawa, Kaka."

"Na hayo matundu," akasema. Akayapapasa tena moja moja. "Yako mahali pake."

Nilichoma upya. Alikaa karibu, uso ameugeuzia ukutani, akisikiliza moto. Mara mbili alisema "polepole." Alikuwa sahihi mara zote mbili.

16 Aprili

Tumejaribu bwawani na mifuko sita ya mchanga. Safari hii nilipapasa sakafu bila kujificha. Pakavu. Mume wangu aliingiza mkono wake mwenyewe kila kona kabla ya kukubali, na sikumlaumu.

17 Aprili

Wamevuka. Dakika kumi na moja. Muuguzi alipunga mkono kutoka ng'ambo na masanduku yote mawili yakiwa makavu. Jioni walirudi. Mume wangu alishuka, akamshika Kaka bega, akasema, "Shemeji, leo nimeona samaki wananionea wivu."

Kaka alicheka. Lakini Muuguzi hakucheka. Alikuwa anamtazama Kaka usoni. Akamwambia, "Fundi Mkubwa, simama hapo. Tazama pua yangu. Usihamishe macho." Akanyoosha mkono pembeni, akachezesha vidole. "Vidole vingapi?"

"Vidole gani?" Kaka akauliza.

Muuguzi akaleta mkono karibu, karibu zaidi, mpaka ulipofika karibu na pua. Hapo ndipo Kaka aliposema, "Viwili."

Ameandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa kwa daktari wa macho. Amesema siyo ya kusubiri mvua ziishe.

20 Aprili

Mvua. Kaka anasema atakwenda mwezi ujao. Wifi anasema wiki ijayo. Wifi ndiye atakayeshinda.

24 Aprili

Wamevuka tena. Hakuna jipya, na ndivyo ninavyotaka.

29 Aprili

Nilikwenda naye mimi. Wifi alisema kama tumeanza pamoja tumalize pamoja. Tulisubiri kwenye benchi ya ukumbi tangu asubuhi. Wakamwekea Kaka dawa machoni, wakampima kwa mashine inayopuliza hewa, halafu wakatuita ndani.

Daktari ni binti ambaye ningeweza kumzaa. Ana sauti ya upole iliyochoka, nadhani anasema maneno yale yale kila siku. Ni presha ya macho, akasema. Huingia kimya kimya, haiumi, inaanza kula kutoka pembeni.

"Yalianza lini, baba?"

"Tangu mvua hizi," Kaka akasema.

Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Ningeweza kunyamaza. Nina uzoefu.

"Miaka miwili, daktari," nikasema. "Masika ya mwaka juzi alimwaga maji ya betri mezani, akasema betri imevuja. Haikuwa imevuja."

Kaka hakugeuka. Daktari aliandika. La kushoto limekwisha, akasema. La kulia limebaki na tundu dogo katikati. Kuna dawa ya matone, asubuhi na jioni, kila siku, hadi mwisho wa maisha, ili hilo lililobaki libaki. Kilichokwisha kupotea hakirudi.

"Mngekuja ule mwaka wa kwanza," akaanza. Hakumalizia. Aliandika dawa.

Tulirudi kwenye benchi kusubiri dirisha la dawa. Watu walikuwa wengi. Kaka aliweka mikono magotini.

"Miaka miwili," akasema.

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Nilijua, Kaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ni mkubwa wangu."

Akatikisa kichwa polepole, kana kwamba nimemtajia kipimo na anakikagua. Nilingoja anigombeze. Niliona afadhali anigombeze. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, maana nilijua hayaoni, halafu nikaona aibu kwa kulijua hilo.

"Na mimi nilijua kwamba unajua," akasema. "Ulikuwa unasogeza spana. Unadhani sisikii chuma kikiburuzwa mezani? Kila siku nilikuwa najiambia, leo atasema. Akisema tu, nitakwenda hospitali."

"Mbona hukusema wewe?"

"Ningesemaje?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli. "Mimi ndiye mkubwa."

Mtu wa dirishani akaita namba yetu. Nikachukua kichupa, kidogo kama kidole gumba. Niliporudi alikuwa amesimama, uso kaelekeza kwenye mwanga wa mlango, hajanyoosha mkono. Nikamshika kiwiko. Hakukitoa. Tukaenda hadi mlangoni, nikahisi anatafuta sakafu kwa ncha ya kiatu, kimya, ili nisione.

"Kuna ngazi tatu, Kaka," nikamwambia. "Ya kwanza imevunjika."